Siku Tuliyozika Mwaridi wa Harrison

Kabla sijaanza kumsema Harrison, niseme kwanza kwamba ni mtu mwema, maana nikishaanza sitapata tena nafasi ya kulisema hilo. Ni mume wa rafiki yangu Susan. Mimi na Susan ni wauguzi katika hospitali moja hapa Minneapolis, kanisani tunaimba sauti ya pili pamoja, na nimekula kwake katika mji jirani wa Blaine mara nyingi hadi nina kikombe changu kabatini. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine, naona haya kukiri, niliyazidisha kwa machozi yangu.

Harrison alifanya kazi miaka kumi na tisa katika shamba la maua Naivasha. Alianza akiwa mvunaji, akapanda hadi akawa supavaiza wa ukumbi wa gredi, pale maua yanapopimwa na kufungwa tayari kwa ndege ya Uholanzi. Kaa naye dakika kumi tu, utayajua yote. Shina liwe la sentimita sitini. Shingo iwe imenyooka. Kichwa kiwe kimefumba kiasi cha kuweza kusafiri na kimefunguka kiasi cha kupendeza. Waridi lenye kasoro, hata kama ni tundu moja la mdudu, liliitwa rijekti na lilisagwa siku hiyohiyo, ili wafanyakazi wasije wakalichukua kwenda kuliuza mjini.

Wakati huo alikuwa anamchumbia Susan, aliyekuwa msaidizi katika zahanati ya mjini. Jioni Susan alikuwa akimngoja nje ya geti la shamba. Wafanyakazi walitoka kwa mstari, mikono juu, walinzi wakiwapapasa makoti na kuchungulia ndani ya gambuti. Siku ya wapendanao mwaka mmoja, jamaa fulani alikamatwa na mawaridi matatu ndani ya suruali. Alifukuzwa kazi, na tena miiba ilikuwa imemchoma mahali ambapo Harrison hukataa kupataja mbele ya pasta. Basi Harrison, ambaye maua elfu arobaini yalipita mikononi mwake kila siku, alitoka getini kila jioni na kumwonyesha mchumba wake viganja vitupu.

"Siku nikiwa na langu mwenyewe," alimwambia, "utapata."

Susan akaolewa na ahadi hiyo. Miaka ikaenda. Wakampata Bravin, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi Texas. Susan akapata kazi Marekani, Harrison akamfuata na kuajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee, wakanunua nyumba Blaine yenye uwanja mzuri nyuma na ua wa mbao wenye kageti. Waridi bado.

Mtu atauliza, kwani dukani hakuna? Yapo tele. Siku moja niliwasindikiza sokoni, Susan akasimama mbele ya ndoo za maua, mkao ambao mwanamke yeyote angeuelewa. Harrison akachomoa fungu, akaligeuza juu chini, akasoma kikaratasi chake, akanusa.

"La Ekwado," akasema, akalirudisha.

"Baba Bravin, mimi ninazeeka," Susan akamwambia.

"Nilikuambia utapata la kwangu. Hili si langu."

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Mei, hatimaye akanunua miwaridi sita, akaipanda kando ya ua. Mwezi wa Julai ikachanua. Mimi nilifikiri hadithi imeishia hapo, na hata nilinunua keki. Lakini Harrison alitoka na rula. Akapima la kwanza: sentimita ishirini na nane. La pili: thelathini na moja, na shingo imepinda. Akayakata yote akayatupa.

"Rijekti," akatueleza, kama vile tulikuwa wanunuzi. "Mti wa mwaka mmoja hauwezi kutoa shina la maana. Mizizi bado michanga. Ngoja uvuke winter moja, ndiyo mtaona maua."

Jioni hiyo Susan alikwenda kwenye pipa la mbolea nyuma ya nyumba kujitafutia hata moja. Alikuta Harrison ameyakatakata vipande vidogovidogo kwa mkasi, yote, kama walivyofanya Naivasha. Susan alinisimulia huku akicheka, lakini kicheko hicho sikukipenda.

Sasa, kuvuka baridi. Kule Naivasha waridi halilali. Unalikata leo linachipua kesho, linanyweshwa mbolea mwaka mzima, na kadiri unavyokata ndivyo linavyozidi kuzaa. Harrison akauleta utaratibu huo Minnesota bila kuupunguza hata kidogo. Agosti akatia mbolea. Septemba akakata, akatia mbolea tena. Mwanzoni mwa Oktoba, majirani wakiwa wanakunja mipira ya kumwagilia na kukusanya majani, miwaridi ya Harrison ilikuwa imejaa machipukizi mapya, mekundu na laini, akanipigia simu ya video nione.

"Nkirote, unaona hiyo growth? Hawa watu hawajui maua."

Jalidi, ule umande wa barafu, ilianguka Jumanne. Kufika Alhamisi machipukizi yote yalikuwa meusi, na Aprili aling'oa vijiti sita vikavu akavipanga ukutani bila kutaka kuulizwa.

Mwaka uliofuata akanunua mingine sita. Mara hii alikuwa ameamua kuitia joto. Akaivika nyasi kavu, juu ya nyasi blanketi, juu ya blanketi makoti ya zamani ya Susan ya kazini, halafu akafunga kamba. Kwa mbali uliona watu sita wamesimama uani kwenye theluji, na mtu wa kuleta barua aliacha kuja hadi mlangoni. Panya wa Blaine hawajawahi kupata nyumba nzuri kama zile. Waliingia Novemba, wakazaa humo, na chakula kilipowaishia wakaguguna maganda ya miwaridi kuanzia chini hadi juu. Aprili, Harrison alipofungua koti la kwanza, panya alimtazama usoni kabla ya kukimbia.

Ni wakati huo Susan aliponiambia jambo nililobaki nalo. Tulikuwa garini tukitoka kazini, mimi naendesha.

"Mwakani Juni, tarehe kumi na nne, tunafikisha miaka thelathini," akasema. "Nkirote, mimi nimezika wazazi wangu kwa simu. Nimehama bara. Nimezoea kukosa vitu. Lakini ile maua bado naingoja, na sijui kwa nini. Mwambie basi hata moja. Hata fupi."

Nilimwambia Harrison. Akasema atafanya, ila atafanya sawasawa. Juni kumi na nne, waridi moja, gredi ya kwanza, ama asiitwe mtu wa Naivasha. Susan alimruhusu kununua mti mmoja tu, kwa kuwa bajeti ya makaburi, alisema, imekwisha.

Hapo ndipo alipoingia Stacy. Stacy ni bibi wa miaka tisini na mmoja katika nyumba ya wazee anakofanya kazi Harrison, mtu wa kiti cha magurudumu na ulimi mkali. Harrison alikuwa anamkata kucha huku akimlalamikia kuhusu panya, na bibi akaurudisha mguu wake nyuma.

"Wewe unasema ulikuwa bosi wa mawaridi?" akamuuliza.

"Miaka kumi na tisa."

"Na katika hiyo kumi na tisa, baridi iliwahi kufika?"

Harrison akakiri haikuwahi kufika. Stacy, aliyepanda mawaridi yake huko Saint Paul kwa miaka sitini, akamfundisha mpaka kucha za mguu wa pili zikasahaulika. Ikifika katikati ya Agosti, hakuna mbolea tena. Ikiingia Septemba, hakuna kukata; ua lizeeke mtini lifanye tunda, ili mti ujue mwaka umekwisha na uanze kulala. Katikati ya Oktoba funga matawi pamoja, chimba mtaro kando ya mti, legeza mizizi upande mmoja kwa jembe uma, halafu uulaze mti taratibu mtaroni. Kisha uufukie. Wote, kuanzia ncha hadi shingo ya mizizi. Aprili uufukue.

"Nizike mti mzima?" Harrison akauliza.

"Uzike au uusindikize ukifa, chagua," Stacy akamjibu, akamrudishia mguu.

Ilimuuma. Mtu aliyezoea kukata kila siku akapitisha Septemba nzima mikono mfukoni. Lakini alitii. Na Jumamosi ya katikati ya Oktoba, asubuhi, alimwamsha Susan wakauzike mwaridi. Kwa vile miiba ilikuwa inamchana, aliufunga kwa kamba na kuuzungushia shuka nyeupe ya zamani.

Ng'ambo ya barabara anakaa Mama Perpétue, mtu wa Bukavu, pamoja na mumewe Bagalwa na binti yao Reine. Ni watu wa kanisa letu la Frogtown. Mama Perpétue ana moyo wa dhahabu na dirisha kubwa, na kutoka dirishani huoni tu barabara, unaona hadi pembeni mwa uwanja wa Harrison. Saa tatu na nusu simu yangu ikalia.

"Nkirote, kilio!" akaniambia. "Harrison na bibi yake banazika mu parcelle, nyuma ya nyumba. Niliona na macho yangu. Bamebeba kitu kirefu mu drap, yeye huku, bibi yake kule. Bakakitelemusha mu shimo polepole. Harrison akatosha kofia ku kichwa. Susan akapanguza macho. Mon Dieu, ni mama yake!"

Mama yake Harrison, Shosho Wairimu wa Kinangop, tulikuwa tumemwombea kanisani Jumapili tatu mfululizo kwa sababu ya kifua.

"Lakini Mama Perpétue, Shosho yuko Kenya. Watamzikaje Blaine?"

"Njo vile! Hakupata congé ku kazi ya kuenda. Basi iko nazika manguo ya mama, ama picha yake. Mutu akikosa kuzika mama atafanya nini?"

Nyuma yake nilimsikia Reine akisema, "Mom, just go ask him."

"Hauwezi kuuliza mutu wa kilio!" mama akamfokea. "Unaenda tu, unaikala."

Nilipaswa kufikiri. Lakini mimi baba yangu alizikwa Meru nikiwa kwenye shifti hapa, sikupata ruhusa, na hakuna mtu kanisani kwetu asiyekuwa na marehemu wake wa namna hiyo. Niliposikia kwamba Harrison amezika nguo za mama yake uani, wala sikuliona jambo la ajabu. Nililiona jambo ambalo mimi mwenyewe ningelifanya kama ningekuwa na uwanja. Nikapika chai lita sita, nikampigia Pasta Sosthène, na kufika saa sita mchana magari yalikuwa yamejaa mtaa mzima, watu ishirini na mmoja, akina mama tumejifunga vitambaa kichwani, wengine na masufuria ya wali.

Sasa msomaji aelewe kitu kimoja kuhusu sisi tunaoishi huku. Mtu wako akifa nyumbani, ndugu zako hawakupigii simu wewe. Wanampigia pasta, na pasta anakusanya watu, wanakuja kwako bila taarifa, wanaketi, wanakunywesha chai, na ndipo wanakuambia. Kwa hiyo ukifungua mlango ukakuta watu wa kanisa ishirini wamevaa nyuso za Ijumaa Kuu, hauhitaji kuelezwa. Kilichobaki ni kujua ni nani.

Harrison akafungua mlango. Suruali yake ilikuwa na udongo hadi magotini, nasi tukajua alipiga magoti kaburini. Yeye naye alipotuona, rangi ilimtoka.

"Karibuni," akasema, akatupisha.

Tukaingia. Tukaketi. Susan akatoka bafuni na taulo mkononi, akatutazama, akajishika mdomo, akaketi pale pale kwenye mkono wa kochi. Nikamimina chai. Hakuna aliyesema. Sisi hatuwezi kuanza, maana mfiwa ndiye hufungua mdomo kwanza. Yeye hawezi kuuliza, maana mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa chai, na zaidi ya hapo alikuwa anaogopa jibu. Tulinywa chai ile hadi ikaisha. Pasta akaanzisha wimbo, ukaimbwa beti zote, nao ukaisha.

"Tumekuja tu kukaa na nyinyi," Pasta Sosthène akasema mwishowe.

"Asanteni," akasema Harrison. "Ilikuwa lini?"

Pasta alidhani uchungu umemvuruga. "Sisi tumesikia leo asubuhi," akamjibu kwa upole.

"Nani aliwaambia?"

"Mama Perpétue."

Harrison akamgeukia Mama Perpétue, akijiuliza habari za Kinangop zilimfikiaje mtu wa Bukavu kabla ya kumfikia yeye. Mama Perpétue akainamisha kichwa.

"Niambie ukweli, Pasta. Aliteseka?"

Pasta Sosthène hajawahi kusema uongo mbele yangu ila siku ile. "Hapana," akasema. "Alipumzika kwa amani."

"Mamaaa!" Harrison akalia, akaanguka mikononi mwa Bagalwa. Susan akapiga ukelele. Nasi ambao tulikuwa tunajizuia tukaona sasa ruhusa imetolewa. Nililia siku ile kilio cha baba yangu na cha shangazi zangu wawili, na nadhani kila mtu pale alikuwa na wake aliyemlilia, maana haikuwa sauti ya msiba mmoja. Reine alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, hajui arekodi au akimbie.

Tulipotulia kidogo, Harrison akajifuta uso na kusema lazima ampigie dada yake, wapange mazishi. Pasta akamtazama. Si mazishi yameshafanyika? Lakini adabu ilimkataza kuuliza. Harrison akapiga namba ya mama yake, akijua dada ndiye atakayekuwa ameshika simu ya marehemu, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Harrison," ikasema sauti kavu ya kikongwe, "mbona unapiga wakati wa taarifa ya habari?"

Simu ilianguka kwenye sufuria ya wali. Mama Perpétue akapita chini ya mkono wa Bagalwa na kwenda kusimama nyuma ya pazia. Susan ndiye aliyeitoa simu kwenye wali.

"Mama? Uko?"

"Niko wapi tena? Nani analia hapo?"

Ilichukua muda mrefu kupanga maneno. Pasta alieleza kuhusu shuka, Harrison akaeleza kuhusu panya, na Susan akaeleza kwamba kilichozikwa ni ua. Kimya kikawa kirefu hadi tukafikiri sasa ndiyo tumemuua kweli.

"Kwa hivyo," Shosho akasema, akiacha Kikuyu na kugeukia Kiswahili kwa ajili ya pasta, "mmenililia tayari."

"Ndiyo, Mama. Tunaomba msamaha."

"Mlikuja watu wangapi?"

Pasta akahesabu. "Ishirini na mmoja."

"Ishirini na mmoja tu?"

Nikasikia mtu nyuma yangu akikohoa, kumbe ni kicheko kimemkwama, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Bagalwa alicheka akiwa ameshikilia ukuta. Harrison alicheka na kulia kwa pamoja hadi Susan akamletea maji. Ni Mama Perpétue peke yake aliyebaki nyuma ya pazia, akisema kwa sauti ndogo kwamba hatatoka humo milele.

"Mwambieni huyo mama atoke," Shosho akaamuru. "Yeye ndiye pekee aliyeniona nikizikwa. Na nyinyi wanaume, mmekuja msibani halafu mwondoke bila kutia udongo? Mlilelewa wapi?"

Tukatoka uani wote. Tuta lilikuwa pale kando ya ua, la urefu wa mtu mfupi, na nikamsamehe Mama Perpétue papo hapo. Bagalwa akachukua sepeto, akachota udongo kwenye rundo alilokuwa amebakiza Harrison, akautia juu. Akampa pasta. Sepeto ikapita mkono hadi mkono, kila mtu na wake, na Mama Perpétue alipofika zamu yake alitia mara tano, kwa aibu. Watoto tuliokuja nao wakamwaga magunia ya majani makavu juu yake. Harrison alijaribu kutuambia kwamba Stacy alisema sentimita thelathini tu, lakini nani angemsikiliza? Tulipomaliza, tuta lilimfika Reine kiunoni. Tukarudi ndani tukala wali, tukiruka pale simu ilipoangukia.

Mwaka ule theluji ilikataa kuja. Watu wa huku wanafikiri theluji ni adui, lakini mkulima anajua kwamba ndiyo blanketi la ardhi. Januari ikaingia na ardhi iko wazi, kisha baridi ikashuka hadi nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri kwa wiki nzima. Mabomba yalipasuka. Gari langu lilikataa kuwaka siku mbili. Harrison alikuwa akisimama dirishani na kikombe, akilitazama tuta lake, na Susan aliniambia kwamba usiku wa baridi zaidi alimsikia akiliombea. Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana Susan alisema naye aliitikia amina.

Aprili akaufukua. Alitumia mikono, udongo ule ni mwingi, ikamchukua asubuhi nzima. Matawi yakatoka meusi, yote matano, na Susan akaingia ndani ya nyumba. Harrison akampigia Stacy simu ya video palepale.

"Usinionyeshe sura yako, nionyeshe ganda," Stacy akasema. "Likwangue kwa ukucha."

Tawi la kwanza, kahawia. La pili, kahawia. La tatu na la nne hivyohivyo. La tano, lile lililolala chini kabisa, akalikwangua, na chini ya ganda kulikuwa na kijani kidogo chenye maji.

"Ulifukia kina gani?" Stacy akamuuliza.

"Mara tatu ya ulivyosema. Nilisaidiwa."

"Na nani?"

"Waombolezaji," akasema Harrison.

"Basi hao ndio waliokuokoa. Mwaka huu hata miwaridi ya mwanangu imekufa."

Tawi hilo moja likatoa majani. Mwishoni mwa Mei likatoa tumba moja. Harrison alilihesabia siku. Juni kumi na nne iliangukia Jumapili, na baada ya ibada watu wote ishirini na mmoja wakaja Blaine bila kualikwa, kwa sababu sisi tulikuwa tumeuzika mti ule, na mtu ana haki ya kuona alichokizika. Shosho alikuwa kwenye simu, safari hii imefungwa kwa mpira kwenye chupa ya chai ili isianguke popote.

Waridi lilikuwa limefunguka asubuhi hiyo. Jekundu. Susan hakuingia uani. Alisimama nje ya kageti, pamoja nasi, amevaa gauni lake la kanisani, mikono ameifumbata mbele. Harrison akainama na mkasi. Nilimwona akitoa rula mfukoni, nikasema moyoni, Bwana, tafadhali usimruhusu. Akapima. Akairudisha mfukoni. Kisha mkono huo uliokata maua mamilioni ukakata moja.

Akaja hadi kwenye kageti, akasimama, na mikono yake ikaanza kupanda juu yenyewe, kama ya mtu anayengoja kupapaswa. Nafikiri hata yeye hakujua. Hakuna mlinzi aliyekuja. Akaishusha polepole.

"Mama Bravin," akasema, bila kumtazama usoni. "Shina ni sentimita kumi na nane. Shingo imepinda. Na hapa pana tundu, mdudu amepita. Hii ni rijekti. Nipe wiki tatu, mti ukipata nguvu nitakukatia lingine ambalo..."

Tangu nimjue, Susan humwita Baba Bravin. Siku ile hakumwita hivyo.

"Harrison," akamwambia, akanyoosha mkono juu ya geti. "Mimi si Uholanzi. Lete hapa."

Akampa.